Mwaka Ambao Star Wars Iliongea Kikuyu

Ndani ya Return of the Jedi kuna dakika chache zinazomfanya msee yeyote aliyekulia nyumba ya Kikuyu akae wima. Vita vya mwisho viko karibu. Lando Calrissian ameshika usukani wa Millennium Falcon, na kando yake yuko rubani msaidizi mwenye macho meusi makubwa na mashavu yanayoning'inia kama mifuko iliyojazwa sarafu. Anaitwa Nien Nunb. Anafungua mdomo, na kinachotoka ni maneno ya aina unayoweza kuyasikia leo asubuhi kwenye soko la Karatina.

Sauti hiyo ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi Marekani wakati huo. Aliongea Kikalenjin, ambayo ni lugha yake, na pia Kikuyu. Muvi ilitoka tarehe 25 Mei 1983, miaka sita kamili tangu Star Wars ya kwanza, na hakuna muvi iliyoingiza pesa zaidi Marekani mwaka huo.

Hii stori tunaipenda. Kila tarehe 4 Mei, ile siku ambayo mashabiki wa Star Wars wamejitengea, inarudi mitandaoni. Tunacheka, tunajipongeza, halafu tunaendelea na maisha. Mimi naona tunaiachia mapema sana. Ukiifuata mpaka mwisho, inakuonyesha kitu ambacho malalamishi ya kawaida kuhusu muvi hii hayakigusi. Malalamishi yenyewe unayajua: kwamba Ewok, wale viumbe wafupi wenye manyoya, ni wanasesere waliowekwa pale ili watoto wawalilie wazazi wao dukani. Mimi Ewok hawanisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba hii ni muvi kuhusu wanyonge wanaoangusha himaya, na wanyonge wengi ndani yake hawajapewa nafasi ya kueleweka.

Tuanze kwenye karakana ya sauti. Mtu aliyebuni sauti za Star Wars ni Ben Burtt, na aligundua mapema kwamba lugha ya kutunga kutoka kichwani husikika bandia. Sikio halidanganyiki hivyo. Lugha ya kweli ina pumzi, ina mahali pa kupanda na pa kushuka, imelainishwa na midomo ya vizazi. Kwa hivyo akaenda kwa lugha za watu. Kwa muvi ya kwanza alichukua Kikechua cha milima ya Andes akamtengenezea Greedo, na akachukua sauti za Kizulu akaziharakisha mpaka zikawa Jawa, wale wachuuzi wa mitumba ya roboti jangwani. Kwa Ewok alianza na Kikalmyk, akachanganya na Kitibeti na Kinepali. Na kwa Chewbacca, kwenye karakana hiyohiyo, alitumia milio ya dubu na simba.

Kama ufundi, hiyo kazi ni moto. Hakuna anayesahau sauti ya Chewbacca, na Nien Nunb anasikika kama mtu aliye na nyumbani kwao. Lakini angalia ni akina nani walioombwa pumzi. Kikechua ni lugha ya watu waliotekwa na Wahispania. Wakalmyk walibebwa na Stalin, taifa zima, Desemba 1943, wakatupwa Siberia, na waliporuhusiwa kurudi kwao mwishoni mwa miaka ya 50, lugha yao ilirudi ikichechemea. Miaka 40 baada ya ule msafara, inasikika kwenye majumba ya sinema ya dunia nzima ikiwa porojo za dubu wadogo msituni.

Siamini kwamba kuna mtu alikaa pale akapanga dharau. Walitafuta tu lugha ambayo mtazamaji wao hangeitambua. Lakini ukitafuta lugha kwa kigezo hicho, utaishia kila mara kwa watu ambao historia iliwaweka mbali na maikrofoni.

Sasa fuatilia ni nani anapewa maandishi ya tafsiri chini ya skrini. Jabba the Hutt anapewa. Jabba ni tajiri, ni jambazi, anafuga watumwa na kuwatupia wanyama, lakini kila tusi lake limeandikwa vizuri ulisome. Ewok, ambao msitu ni wao na watafia ndani yake, hawaandikiwi kitu. Nien Nunb haandikiwi. Maneno yake tunayapata kupitia majibu ya Lando, vile unavyosikia nusu ya simu ya mtu ndani ya matatu. Na si ati anaongea upuzi. Mazungumzo hayo ndiyo yanayomfungua Lando macho kwamba Himaya inawangoja. Habari muhimu kuliko zote katika vita hivyo inapita katikati ya maneno ambayo muvi haikuona haja ya kutuambia maana yake.

Ukitaka kuona lugha inayochukuliwa kama kelele tupu, nenda kwenye kasri la Jabba. Leia anaingia amejificha nyuma ya kofia ya chuma, anajifanya msakaji wa watu kwa malipo, na amemleta Chewbacca kama bidhaa. Anadai 50,000. Jabba anataka kutoa 25,000. Wanakubaliana 35,000, na katikati ya hayo kuna kutishana kwa bomu. Sikiliza anachosema Leia: sauti chache tu, zinajirudia karibu zilezile, na kila mara roboti C-3PO anazitafsiri kama kitu tofauti. Linganisha hapo na Rotich, ambaye sentensi zake zina kitenzi, zina nafsi, zina wakati. Kwenye muvi moja kuna lugha isiyo na maana yoyote na kuna lugha yenye maana kamili, na mtazamaji wa Chicago hakuwa na njia ya kujua ipi ni ipi. Kwake zote zilikuwa mlio wa mbali.

Na ule haukuwa mwaka wa kawaida. George Lucas ameeleza mara nyingi kwamba vita vya Ewok alivichota Vietnam: watu wenye mishale na magogo wanashinda jeshi lenye mashine. Kwa hesabu hiyo, Himaya ni Marekani yenyewe. Lakini Machi 1983, miezi miwili kabla muvi itoke, Rais Ronald Reagan aliita Umoja wa Kisovyeti himaya ya uovu, na wiki mbili baadaye akatangaza mpango wa kuzuia makombora kutoka angani. Wapinzani wake wakaubandika jina la Star Wars ili wauchekelee, na jina likashika. Lucasfilm ilikuja kwenda kortini kuzuia jina lake lisitumike kwenye matangazo ya siasa kuhusu mpango huo, ikashindwa. Muvi ilikuwa inasema jambo moja kuhusu nguvu na unyonge, na wakubwa walisikia walichotaka kusikia. Hata anayeongea Kiingereza, tena mwenye pesa, anaweza kuongea asieleweke.

Kwetu nako Kikuyu kilikuwa kimetoka kupitia mambo mazito. Mwaka 1977, wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ pale Limuru walicheza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, kwenye jukwaa la wazi walilojijengea wenyewe. Serikali ikaupiga marufuku, na kufikia mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kesi. Mapema 1982 walijaribu tena na Maitũ Njugĩra. Wakanyimwa ruhusa ya kuuonyesha Kenya National Theatre, na Machi mwaka huo lile jukwaa la Kamĩrĩĩthũ likabomolewa. Kufikia wakati Return of the Jedi inatoka, Ngũgĩ alikuwa uhamishoni.

Weka hizo tarehe mbili kando kwa kando. Machi 1982, jukwaa la Kikuyu linaangushwa Limuru. Mei 1983, Kikuyu kinarusha Millennium Falcon mbele ya mamilioni ya watu na hakuna serikali iliyokosa usingizi. Si kwamba kuongea Kikuyu kulikuwa hatia. Watu walikiongea sokoni, kanisani, shambani, kila siku, hakuna aliyewafuata. Kilichoogopwa Limuru ni kibarua kusimama jukwaani na kusema habari za ardhi na mshahara mbele ya vibarua wenzake, na wote waelewe. Kwenye Falcon, lugha hiyohiyo ilipita mipaka yote bila kukaguliwa kwa sababu ilikuwa imeshafungwa mdomo kabla ya safari.

Najua mtu atasema: bana, ni muvi ya vyombo vya angani, punguza. Na kuna furaha pale ambayo sitaki kuikanyaga. Kwa dakika hizo chache, ngazi imegeuzwa. Shabiki aliyekariri kila namba ya kila roboti haambulii kitu, na shosho wa Nyeri ambaye amepitia sebuleni kuulizia chai anaelewa kila neno. Rotich angeweza kutoa milio yoyote, na hakuna ambaye angejua. Yeye akaongea. Aliweka maana mahali ambapo mlio ungetosha, na maana hiyo imekaa pale zaidi ya miaka 40 ikingoja mtu wa kuisikia.

Na muvi yenyewe, nadhani bila kukusudia, inakiri kasoro yake kwenye sehemu ambayo ni bora kuliko zote. Usiku, kijijini kwa Ewok, C-3PO anawasimulia vita vyote kwa lugha yao. Hakuna maandishi hata hapo. Lakini anaiga mlio wa bunduki, anaiga pumzi ya Vader, anatupa mikono, na unasikia majina yakipita: Luke, Leia, Han. Wazee wametulia, watoto wanashtuka. Mkenya yeyote anajua hii ni nini. Huyu ni DJ Afro! Ni kibanda cha video, benchi la mbao, na sauti moja inayolichukua balaa la watu wa mbali na kulifanya kuwa la hapa mtaani.

Cheki pia kinachotokea baada ya hapo. Mpaka usiku huo, Ewok wamemchukulia C-3PO kama mungu, na Luke ametumia imani hiyo pamoja na kiini macho cha kiti kinachoelea ili wenzake wasichomwe. Hizo ni mbinu za mkoloni kabisa, na zimewafungua kamba tu. Kilichowafanya wawe ndugu wa kabila ni ile simulizi. Kwa mara ya kwanza, mtu amewaeleza wenye ardhi vita vitakavyopiganwa kwenye ardhi yao, na amewaeleza kwa lugha yao. Wakaelewa, wakaingia, na ndio waliosaidia kuiangusha ngao ya Himaya. Star Wars ya 1983 ilijua kabisa nguvu ya mtu kuelewa. Ilitunyima sisi kuwaelewa wao.

Miaka 30 baadaye kuna watu waliojibu hilo bila hotuba ndefu. Julai 2013, Star Wars ya kwanza ilionyeshwa Window Rock, Arizona, ikiwa imetafsiriwa na kuingizwa sauti kwa Kinavajo. Luke, Leia na Vader waliongea Kinavajo mwanzo hadi mwisho, na watu wakaleta watoto wao waje wasikie. Sababu ilikuwa wazi: lugha inahitaji watoto, na watoto wanapenda Star Wars. Mwaka 2024 Waojibwe wakafanya vilevile. Hawakuomba kona ndani ya chombo. Walichukua usukani.

Sisi tulirudi kwa njia nyingine. Mwaka 2015, kwenye The Force Awakens, Nien Nunb alirudi, na Rotich akarudi naye. Lupita Nyong'o alikuwamo pia, ndani ya Maz Kanata, kibibi mfupi wa rangi ya chungwa aliyechorwa kwa kompyuta. Wakenya wawili kwenye muvi moja kati ya kubwa zaidi kuwahi kutengenezwa, na uso wa hata mmoja hauonekani. Lupita anaeleweka kwa sababu Maz anaongea Kiingereza. Nien Nunb bado hana maandishi.

Kwa hivyo ukipanga kuitazama tena Return of the Jedi, usiitazame peke yako. Tafuta mtu anayejua Kikuyu na mwingine anayejua Kikalenjin, uwaweke karibu na skrini. Falcon ikianza kuondoka, waambie watafsiri kwa sauti, neno kwa neno, hata kama wengine mle ndani watapiga kelele kwamba mnawaharibia muvi.