Kosa la Carl Vinson lilianza kabla ya vifungo

Sote tumeiona ile video ya F-35C ikigonga ukingo wa tezi ya meli ya kubeba ndege ya Marekani, USS Carl Vinson, tarehe 24 Januari 2022, katika Bahari ya China Kusini. Tumewasikia maofisa wa LSO, wanaoongoza utuaji kutoka sitahani, wakimpigia rubani kelele apande, wakimtaka aongeze nguvu, na nguvu haiji. Tumeona magurudumu yakivunjika, ndege ikizunguka juu ya sitaha huku inawaka, kisha ikatumbukia. Tangu ripoti ya uchunguzi ilipotoka mwanzoni mwa 2023, mjadala umekwama kwenye vifungo: rubani alisahau kuwasha mfumo unaoshika mteremko wa kutua na ule unaorekebisha nguvu ya injini, basi, kesi imekwisha. Sikubaliani na hukumu hiyo. Kusahau si uamuzi. Uamuzi ulifanyika kabla ya hapo, ndege ikiwa nzima na bahari yote ikiwa wazi mbele yake, nao ulikuwa mbaya bila ubishi.

Uamuzi huo ni kona ya mkato, ile Sierra Hotel. Tuitazame taratibu.

Katika mzunguko wa kawaida wa mchana, rubani huipita meli kwa upande wa kulia akiwa futi 800, akaiacha omo nyuma yake, akakata kushoto, akashuka hadi futi 600 akirudi sambamba na meli. Kipande hicho cha kurudi ndicho kinachomwokoa. Hapo magurudumu yanashuka, ndoano inashuka, orodha ya ukaguzi inasomwa hadi mwisho, kasi inatulia. Anapoanza kugeuka kuelekea tezi, hana deni. Kilichobaki ni taa ya mpira, ile inayomwonyesha mteremko, mstari wa katikati na pembe ya mbawa, pamoja na zile sekunde 15 hadi 18 za kunyooka nyuma ya meli.

Kona ya mkato inakula kipande hicho. Ndege inakuja na kasi kubwa, rubani anakata mapema, anarudisha nguvu ya injini chini kabisa na kuilaza ndege kwa nguvu ili kasi iishie ndani ya kona yenyewe. Kwa muda mfupi ule anatakiwa ashushe magurudumu na ndoano, awashe mifumo, asome orodha, aitafute meli kwa macho na aanze kupima mteremko. Ukizoea, mkono unafanya wenyewe. Usipozoea, jambo moja litaachwa, na huwezi kuchagua lipi.

Kilichoachwa siku ile ni kibaya kuliko vyote, kwa sababu kinafungamana na hiyo hiyo injini iliyorudishwa chini. Mfumo wa nguvu ukiwa umewashwa, ndege inapopoteza kasi hadi ile ya kutulia, kompyuta inaongeza nguvu yenyewe. Ukiwa haujawashwa, injini inabaki pale mkono ulipoiacha. Rubani aliamini umewashwa, hivyo akawa anaielekeza pua ya ndege na kuiachia mashine kazi ambayo mashine haikuwa imepewa. Alipogundua kwamba ndege haina nguvu alisukuma wenzo hadi mwisho, akafika mpaka aftabana, nguvu ya mwisho kabisa ya injini. Injini ya jeti haiamki kwa kuamrishwa, lazima ipewe muda wa kupanda, na muda ulikuwa umeishia kwenye kona.

Sasa tufike kwenye sentensi ya ripoti inayonikera kila ninapoona inanukuliwa nusu. Inasema kona hiyo imeidhinishwa na ni ya kawaida, ila rubani huyu alikuwa hajawahi kuifanya. Wanaomtetea husimamia nusu ya kwanza. Mimi nasimamia ya pili. Mara ya kwanza! Kwenye meli inayotembea, katika ndege ya kiti kimoja isiyo na mtu wa nyuma wa kumkumbusha, sitahani kuna watu na ndege nyingine. Ripoti inaongeza kwamba hakuwa mzembe wa makusudi wala hakuwa na nia mbaya, nami naliamini hilo kabisa. Mtu mwema anaweza kuamua vibaya, na sekunde chache alizotaka kuiokolea foleni ya kutua ziligharimu ndege iliyokuja kuopolewa Machi 2 kutoka kina cha zaidi ya mita 3,700.

Maofisa wa LSO waliona na kuita. Kiti cha kujirusha kilifanya kazi yake, na wazima moto wa sitaha pia.

Hapa ndipo wapenzi wa rekodi wanaponikuta tena na ugomvi wangu wa siku zote. Tunahesabu kutua kwa kunasa waya kana kwamba zote ni sawa. Rubani akifikisha 100 kwenye meli moja anavishwa nembo ya Centurion, na hesabu haiulizi kama ilikuwa mkono wake au kompyuta. Sina chuki na mifumo hii. Imepunguza marekebisho ya mkono kwenye mteremko na imewafanya vijana watue vizuri zaidi, na yeyote anayebisha hajatazama. Lakini ichapishwe hesabu mbili, ya mkono na ya mfumo, kwa sababu ni kazi mbili. Rubani aliyetua mara nyingi kwa mkono husikia njaa ya injini mgongoni kabla hajaisoma kwenye kioo. Halafu Jeshi la Wanamaji la Marekani likaenda mbali zaidi: mwaka 2025 mwanafunzi wa ndege za kivita akawa anapewa mbawa zake za urubani bila kutua kwenye meli hata mara moja, meli akaikuta baadaye akiwa tayari kwenye ndege ya vita. Sababu yao ni kwamba mifumo imerahisisha kazi. Sitaha ya Vinson ilionyesha kinachotokea mfumo unapokuwa haujawashwa.

Kwa upande wa Waingereza nitasema kidogo, maana hasira yangu nao ni ya zamani. Waliwapa walimwengu sitaha ya mshazari, kioo cha kutulia na manati ya mvuke, kisha mwaka 1979 wakaistaafisha meli ya Ark Royal na ufundi wote wa kunasa waya ukaondoka nayo. Leo meli zao mbili kubwa hazina manati wala waya.

Kabla ya hapo walikuwa na Eric Brown, rubani wa majaribio wa jeshi lao la wanamaji, na yeye ndiye kipimo changu. Rekodi yake ya kutua mara 2,407 haijavunjwa hadi leo, na watu huitaja pamoja na aina zake 487 za ndege kana kwamba alikuwa mtu wa mbwembwe. Someni rekodi hiyo ilivyojengwa. Sehemu yake ilitokana na kujaribu nyaya za kunasia kwenye zaidi ya meli 20 wakati wa Vita ya Pili ya Dunia: kutua, kunasa, kuondoka, kurudi, kutua tena, ili fundi wa meli ajue waya upi unashika na upi unateleza. Sitaha zilikuwa zimenyooka, bila mshazari wa kumpa nafasi ya pili. Ukikosa nyaya zote, mbele yako kuna kizuizi. Kazi hiyo haina makofi. Ni mzunguko ule ule, orodha ile ile, kasi ile ile, na anayeichoka anakufa. Mtu hafiki 2,407 kwa kukata kona.

Na alipolazimika kufanya jambo la mara ya kwanza, alifanyaje? Kabla ya kutua na Mosquito kwenye HMS Indefatigable mnamo Machi 25, 1944, alikwenda kwanza kujifunza nchi kavu jinsi ya kuiburuta ndege hiyo ya injini mbili kwa kasi ndogo kuliko iliyoshauriwa, akijua kwamba injini moja ikizimika hapo hakuna pa kwenda. Desemba 3, 1945 alitua na Sea Vampire kwenye HMS Ocean, jeti ya kwanza kutua kwenye meli. Wakosoaji walisema jeti haifai sitahani kwa sababu injini yake inachelewa kuitika. Brown hakuwabishia. Aliichukua kasoro hiyo kama kanuni ya kutulia: nguvu ya injini ishikwe juu tangu mapema, isirudishwe chini kabla ndege haijafika kwenye sitaha. Mtu aliyeruka na injini zile za mwanzo alijua, miaka 76 kabla ya Vinson, kwamba injini iliyolala nyuma ya tezi ni kaburi.

Mtanirushia sitaha ya mpira, najua. Ni kweli, mwishoni mwa 1947 huko Farnborough aliileta Vampire iliyokunja magurudumu kwenye zulia la mpira, ndege ikazama, injini ikachelewa, na akaiharibu. Lakini tazameni ilikuwa wapi. Ilikuwa nchi kavu, kwenye jaribio lililoandaliwa, waokoaji wakiwa wamejipanga, bila mtu mwingine kwenye njia yake. Alitoka hai, utaratibu ukarekebishwa, na mwaka 1948 akaupeleka kwenye HMS Warrior na ukafanya kazi. Kosa la injini lilikuwa la ukoo mmoja na lile la Vinson. Tofauti ni mahali alipokubali kulifanya.

Kwa hiyo nisingegusa vifungo kwanza. Taa ya onyo au sauti ya kengele itamsaidia anayesahau, iwekwe. Ila kanuni ya kwanza ningeiandika kwa makamanda wa vikosi vya anga: rubani ambaye kitabu chake cha safari hakina kona ya mkato aliyoifanya kwenye uwanja wa nchi kavu, mbele ya LSO, kwa ndege ya aina ile ile, asiruhusiwe kuifanya kwenye meli. Apite kwa futi 800, arudi kwa futi 600, asome orodha yake yote, hata kama nyuma yake kuna ndege sita zinazosubiri huku mafuta yao yakiisha.