Dakika 90 za Mpimaji

Huku kwetu Ngokolo, na Shinyanga nzima hadi Geita, tunajua kinachotokea mwili wa mtu ukisomwa kwa pupa. Vikongwe wameuawa kwa macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kupikia, baada ya mpiga ramli kuwataja kuwa wachawi. Ndiyo maana mpimaji wa mashine ya kupima uongo anayefuata maadili ya kazi yake ananivutia: naye husoma mwili, lakini hana haraka.

Mashine huja baadaye sana. Kwanza ni mazungumzo. Anamweleza mhusika kwamba hakuna kulazimishwa, na kwamba anaweza kunyanyuka na kuondoka wakati wowote. Kisha anamsomea maswali yote kabla ya kumfunga chochote, na lisiloeleweka hulinyoosha. “Wewe ni mwizi?” halipimiki. “Jumamosi usiku ulichukua kaboni iliyonasa dhahabu kwenye mtambo wa kuchenjulia?” hilo lina jibu. Dini, siasa na chama cha wafanyakazi hagusi.

Ndipo anazungusha mirija miwili, mmoja kifuani, mwingine tumboni, isibane wala kulegea. Mkanda wa presha unakaa mkononi, vibati viwili vidoleni kufuatilia jasho ambalo jicho halilioni. Anauliza kwa sauti ileile, ya swali zito na ya swali jepesi, halafu ananyamaza sekunde 20 na zaidi mpaka mistari inayochorwa na mashine itulie. Mtu akikohoa au akisogeza mguu, anaweka alama palepale kwenye chati, ili kikohozi kisije kikahesabiwa uongo. Anautoa upepo mkanda, mkono upumzike, kisha anarudia maswali yaleyale. Kwa kawaida awamu si chini ya tatu.

Sheria ya Marekani ya 1988, inayowalinda wafanyakazi wa kampuni binafsi, inataka kipimo kisipungue dakika 90, mpimaji asizidishe watu watano kwa siku, na chati zitunzwe miaka mitatu. Naona ni busara. Macho yaliyochoka huona hatia popote.

Katika kusoma, hulinganisha mistari ya mtu na mistari yake mwenyewe. Asiye na kosa naye huogopa, akatoka jasho. Uchunguzi wa Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, 2003, ulisema kipimo hiki hushinda kubahatisha lakini kiko mbali na ukamilifu. Chati zisipokubaliana, mpimaji huandika: hakuna uamuzi. Na tajiri aliyelipia akitaka jina, hukabidhiwa maneno hayohayo.