Kupima Kabla ya Kugusa

Underwater Archaeology, mwongozo wa Nautical Archaeology Society uliohaririwa na Amanda Bowens (toleo la pili), humfundisha mpiga mbizi kupima na kuchora kabla ya kugusa. Hoja hiyo ni nzito, kwani uchimbaji huharibu kile unachokichunguza. Mombasa ni ushahidi: merikebu ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama 1697 karibu na Fort Jesus, ilichimbwa 1977–1980, kisha kiunzi chake kikafukiwa tena, mwanafunzi wa leo hukisoma katika michoro. Kasoro ya mwongozo huu ni lugha. Mvuvi wa pwani, aijuaye bahari hiyo, hawezi kuutumia asipojua Kiingereza. Kumpatia istilahi ni wajibu wa wanaisimu wa Kiswahili.