Kidonge cha tezi: alfajiri au usiku?

Anayeanza kutumia levothairoksini, kidonge kinachofidia homoni ya tezi ya thairoidi iliyoko shingoni, kwa kawaida huagizwa ameze asubuhi kabla ya kula. Agizo hilo ni sahihi, lakini halijakamilika. Kabla ya kula kwa muda gani? Na ambaye asubuhi yake haina nafasi, ameze lini? Majaribio mawili ya kitabibu yaliyochapishwa mwaka 2009 na 2010 yalitafuta jibu, na ukisoma matokeo tu utadhani yanapingana. Ukichunguza jinsi yalivyofanywa, yanakubaliana, na makubaliano hayo yanamhusu moja kwa moja mkulima wa Bulongwa.

Kwanza tuone kwa nini Bulongwa. Kijiji hiki kiko wilayani Makete, mkoani Njombe, katika nyanda za juu kusini, ambako mvua za karne nyingi zimeosha madini joto kutoka kwenye udongo wa milimani. Maeneo ya namna hii ndiyo yaliyoilazimu Tanzania kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto kuanzia mwaka 1986, kisha kusimamia uwekaji wa madini joto kwenye chumvi katika miaka ya 1990. Mafanikio yalikuwa makubwa. Katika wilaya zilizopimwa kwa kurudiwa, uvimbe wa tezi ulishuka kutoka asilimia 65.4 miaka ya 1980 hadi asilimia 12.3 mwaka 2004. Chumvi hiyo inakinga. Haiwezi kurudisha tezi iliyokwisha kuondolewa kwa upasuaji, wala tezi iliyoharibiwa na kinga ya mwili wenyewe. Watu hao huhitaji kidonge kila siku, mara nyingi kwa maisha yao yote. Kwao saa ya kumeza ni sehemu ya tiba.

Jaribio la kwanza lilifanyika Washington, Marekani. Washiriki 65 walipitia taratibu tatu, kila moja kwa wiki nane: kumeza asubuhi tumbo likiwa tupu, angalau saa moja kabla ya chakula, kumeza pamoja na kifungua kinywa, ndani ya dakika 20, na kumeza wakati wa kulala, angalau saa mbili baada ya mlo wa mwisho. Kipimo kilikuwa TSH, homoni ambayo ubongo huitoa kuihimiza tezi ifanye kazi. TSH ikipanda kwa mtu anayetumia kidonge, maana yake dawa inayofika kwenye damu imepungua. Wastani ulikuwa 1.06 kwa wenye tumbo tupu asubuhi, 2.19 kwa wakati wa kulala, na 2.93 kwa waliomeza na chakula. Asubuhi ikashinda.

Jaribio la pili lilifanyika Rotterdam, Uholanzi, na wagonjwa 90 walilikamilisha. Kila mmoja alipewa vidonge viwili kwa siku, kimoja cha asubuhi na kingine cha kulala. Kimoja kilikuwa dawa halisi, kingine kidonge bandia, na baada ya miezi mitatu vikabadilishwa nafasi bila mgonjwa kujua. Usiri huo ni muhimu, kwa sababu unaondoa uwezekano kwamba mtu alijisikia vizuri kwa sababu tu aliamini saa fulani ni bora. Dawa ilipomezwa usiku, TSH ilishuka kwa 1.25 zaidi kuliko ilipomezwa asubuhi, ingawa kipimo cha dawa kilikuwa kilekile. Usiku ukashinda. Hata hivyo, wagonjwa hawakuripoti tofauti katika hali zao za kila siku.

Nani aaminiwe? Tazama muda uliotengwa kati ya kidonge na chakula. Asubuhi ya Washington ilikuwa na saa nzima kabla ya kula. Ya Rotterdam ilikuwa na nusu saa tu. Usiku wa Washington ulianza saa mbili baada ya mlo, wakati huko Uholanzi watu wengi hula chakula cha jioni mapema, mnamo saa 12, hivyo wakati wa kulala tumbo limekwisha kutulia. Kwa usomaji wangu, kilichoshinda mara zote mbili ni tumbo tupu. Mwongozo wa Chama cha Thairoidi cha Marekani wa mwaka 2014 umefika hapohapo: dakika 60 kabla ya kifungua kinywa, au saa tatu na zaidi baada ya chakula cha jioni.

Sababu iko kwenye utumbo mwembamba, ambako dawa hii hufyonzwa, hasa katika saa tatu za mwanzo. Hata tumbo likiwa tupu, mwili huchukua takriban asilimia 70 hadi 80 tu ya kidonge. Kalisi iliyomo kwenye maziwa, madini ya chuma, soya na kahawa hupunguza kiasi hicho. Kikombe cha chai ya maziwa na bakuli la uji wa lishe wenye soya ni chakula kizuri, mradi kidonge kiwe kimetangulia kwa saa nzima na kimemezwa kwa maji matupu.

Sasa tuweke kanuni hii kwenye siku ya Bulongwa. Katika kaya inayokula ugali saa 2 usiku na kulala saa 3, saa tatu za mwongozo hazipatikani. Alfajiri ni tofauti. Anayeamka saa 11 akameza kidonge kabla ya kuwasha moto, chai ikaiva saa 12, amekamilisha sharti bila kubadili maisha yake. Abiria wa basi la alfajiri kwenda Njombe au Makambako naye anaweza kumeza kabla ya kutoka nyumbani, akala njiani. Muuguzi anayekula mapema na kuchelewa kulala anaweza kuchagua usiku kwa usalama uleule. Kidonge chenyewe kitunzwe ndani ya pakiti yake, mbali na moto wa jikoni, unyevu na mwanga.

Dawa nyingine zinahitaji nafasi yake. Vidonge vya kuongeza damu, vya kalisi, na dawa za kutuliza asidi ya tumbo vitenganishwe na levothairoksini kwa saa nne. Mjamzito ndiye ninayemhofia zaidi: mtoto tumboni hutegemea homoni ya mama katika miezi ya mwanzo, mahitaji ya mama hupanda kwa takriban robo hadi theluthi, na kliniki humpa madini ya chuma wakati huohuo. Ameze cha tezi alfajiri, cha damu mchana au jioni, na amweleze daktari kuhusu ujauzito mara tu anapoujua.

Kubadilisha saa kuna gharama pia. Nusu ya dawa hii hubaki mwilini kwa siku saba hivi, kwa hiyo matokeo ya badiliko husomeka vizuri kwenye TSH baada ya wiki sita hadi nane. Kipimo hicho hakipo katika kila kituo cha afya, na safari yake ina nauli. Anayemeza leo alfajiri, kesho na chai, keshokutwa usiku, atampelekea daktari namba isiyoeleweka. Jaribio la Washington lilionyesha hilo pia: kumeza bila tumbo tupu kuliipandisha TSH na kuifanya iyumbe zaidi.

Kwa hiyo uamuzi ufanyike kwa mpangilio. Ukiwa na saa nzima kabla ya kula, chagua alfajiri. Usipokuwa nayo, na chakula cha jioni kikiisha saa tatu kabla ya kulala, chagua usiku. Ukikosa yote mawili, usiache dawa: meza wakati uleule, katika hali ileile, kila siku, kisha mwambie daktari ukweli huo ili apime na kurekebisha kiasi cha dawa kulingana na maisha unayoishi.