Nguo za Kazi za Marehemu

Mwaka 1942, katika kijiji cha Gee's Bend, jimbo la Alabama nchini Marekani, mjane Missouri Pettway alichukua nguo za kazi za mumewe, aliyekuwa amefariki baada ya kuugua miezi kama minane, akazikata na kuzishona kuwa blanketi la viraka. Binti yake Arlonzia, ambaye wakati huo alikuwa msichana na ndiye aliyemsaidia kuzichana na kuzikata nguo hizo, alisimulia baadaye kwamba mama alitaka kumkumbuka mumewe na kujifunika upendo wake.

Tangu mwaka 2002, kazi za akina mama wa Gee's Bend zilipoonyeshwa katika jumba la sanaa la Houston na kisha mahali pengine, wahakiki wengi wamezisifu kwa kuzilinganisha na michoro ya wasanii wakubwa wa kisasa. Sifa hiyo si ya uongo. Missouri alijua kupanga rangi. Lakini tunaona imepungukiwa. Mchoraji huchagua rangi zake dukani, ilhali mjane huyu alikuwa na nguo za mtu mmoja. Buluu yake imepauka kwa jua la shambani na kwa kufuliwa, na kipande hakiwezi kupita upana wa mguu wa suruali. Anayesifu mistari bila kumwona mwenye suruali ameona nusu.

Wapo watakaosema ni umaskini tu. Kweli, watu wa Gee's Bend walikuwa maskini: mwaka 1932 mjane wa mfanyabiashara aliyekuwa akiwadai alichukua mifugo, vyombo vya kilimo na hata chakula chao. Blanketi lilihitajika kwa baridi. Hatuoni kwamba hilo linapunguza heshima aliyopewa marehemu.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, wajane wa Yafa wanasimama mbele ya Petro wakilia na kumwonyesha nguo alizowashonea Dorkasi. Mahubiri yetu hukimbilia kufufuliwa kwake, tukaziacha zile nguo. Wajane wale hawasomi wasifu wa marehemu, wanaonyesha kitambaa. Missouri naye alifanya vivyo hivyo, ila kitambaa chake kilikuwa kimevaliwa na marehemu mwenyewe.

Kwetu, nguo za marehemu mara nyingi hugawanywa siku ya kuanua matanga, na si mara moja tumeona ndugu wakinuniana kwa ajili ya koti. Kisha kuna fulana zenye picha ya marehemu. Hatuzidharau, kwa maana siku ya mazishi sare huwafariji wafiwa na kuwaunganisha. Lakini tuseme ukweli: zetu wenyewe ziko chini ya kabati, na moja imekuwa tambara la kupigia deki, uso wa mpendwa wetu ukisuguliwa sakafuni. Fulana ile ilichapishwa kwa siku mbili na ikatimiza siku moja. Haikuwahi kuloa jasho lake.

Baadhi ya wazee wa kanisa watauliza: kulala chini ya nguo za marehemu si kukaribisha mizimu? Swali hilo si la kupuuzwa, maana katika jamaa zetu nguo hizo zimewahi kutumika kwa mambo ya giza. Ila katika simulizi la Arlonzia, mama haombi kitu kwa marehemu wala hamwogopi. Anaomboleza kwa mikono, na binti yupo karibu naye, akisaidia kazi na kujifunza kufiwa kwa wakati mmoja. Tungependa ibada zetu za faraja ziwape wajane nafasi kama hiyo, badala ya kuwahimiza wanyamaze kufikia siku ya tatu.

Leo kazi za kijiji hicho hutundikwa ukutani, na mgeni hukatazwa kuzigusa. Hatulaumu, bila hivyo tusingezijua. Ila waliolala chini ya blanketi lile hawakuhitaji maandishi ya pembeni, kwa kuwa walizijua suruali zile tangu baba akiwa bado anazivaa.