Kiungo Kinapogoma Ofisini: Si Kila Katazo ni Sera

Mtumishi anabofya kiungo kilichomo kwenye barua pepe, na badala ya ukurasa kufunguka, Outlook, programu ya barua pepe ya Microsoft, inamjibu kwa Kiingereza kwamba sera za taasisi yake haziruhusu jambo hilo, awaone watu wa msaada wa kompyuta. Wengi huamini papo hapo, maana maneno yametoka kwenye mashine ya ofisi na yanataja taasisi. Ila ujumbe huohuo, ambao matoleo ya zamani ya Outlook yaliueleza kama kusitishwa kwa kazi kutokana na vizuizi vya kompyuta, umewatokea hata watu walioko nyumbani na kompyuta zao wenyewe, wasio na taasisi, sera wala msimamizi. Hapo ndipo uchambuzi unapaswa kuanzia. Ujumbe wa katazo si ushahidi wa kuwepo kwa katazo, na anayetafuta dawa kabla ya kujua ni nani hasa aliyekataa atatibu ugonjwa usiokuwepo.

Ukweli ni kwamba Outlook haifungui tovuti yenyewe. Inaiomba Windows iite kivinjari, na Windows inatazama kwenye Registri, yaani hifadhi yake ya mipangilio, ione faili za aina ya .html zimekabidhiwa programu ipi. Chrome ikiwekwa na kufanywa kivinjari cha kawaida, mahali hapo huandikwa ChromeHTML. Chrome ikiondolewa bila usafi, neno hilo laweza kubaki likielekeza kwenye programu ambayo haipo tena. Windows inakosa wa kumwita, Outlook inakosa jibu, na mtumiaji anaambiwa habari za sera. Dawa yake ni kuchagua upya kivinjari cha kawaida kwenye mipangilio ya Windows. Isipokubali, fundi hurudisha neno htmlfile mahali pa ChromeHTML. Kuondoka kwa Internet Explorer, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 15 Juni 2022, kulizilazimu ofisi nyingi kuhamia vivinjari vingine, na kubadilibadili vivinjari kwa namna hiyo kunaweza kuacha mabaki ya aina hii.

Kwa ofisi iliyoko mbali na fundi, kutofautisha chanzo kuna uzito zaidi. Chukua kata ya Gitting wilayani Hanang, ambayo makao makuu ya wilaya yake yako Katesh. Ofisi ya kata, shule au zahanati ya huko ikiripoti tu kwamba "mtandao umezuiwa", afisa TEHAMA hana cha kuanzia, naye atalazimika kusafiri ili afanye vipimo ambavyo mtumishi angevifanya mwenyewe. Kipimo cha kwanza ni kunakili anwani ya kiungo na kuibandika kwenye kivinjari, baada ya kuisoma na kuridhika kwamba ni ya mahali panapojulikana. Ukurasa ukifunguka, mtandao hauna kosa, tovuti haina kosa, na hakuna sera iliyoizuia anwani hiyo kwenye kivinjari. Tatizo liko kati ya Outlook na Windows. Usipofunguka, andika chrome://policy kwenye sehemu ya anwani ya Chrome, au edge://policy kwenye Edge. Sera zote ambazo msimamizi amekiwekea kivinjari huorodheshwa hapo, na orodha ya anwani zilizozuiwa hubeba jina URLBlocklist.

Kivinjari kikilalamikia cheti cha usalama, angalia tarehe ya kompyuta kabla ya kumshuku yeyote. Betri ndogo iliyo kwenye ubao mkuu ikifa, saa hurudi nyuma miaka kadhaa kila mashine inapozimwa umeme, na vyeti vya tovuti, ambavyo vina tarehe ya kuanza na ya kwisha, vyote huonekana batili. Ikibaki shaka ya mtandao, unganisha kompyuta ileile na intaneti ya simu. Kufungua kiungo kwenye simu yenyewe ni ushahidi dhaifu, kwa sababu umebadilisha kifaa na mtandao kwa pamoja, hujui ni kipi kilicholeta tofauti.

Wapo watakaouliza: kama simu inafungua, kwa nini tuhangaike? Kwa dharura ya siku moja, sawa. Ikigeuka kuwa mazoea, taarifa za wagonjwa na wanafunzi zitahamia kwenye simu za watu binafsi, ilhali Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Wengine watapendekeza VPN. Mbali na kwamba Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), Oktoba 2023, iliwataka watumiaji wa VPN kutoa taarifa zao, VPN inabadilisha njia ya data mtandaoni tu, wala haigusi Registri. Neno ChromeHTML litabaki palepale. Pingamizi zito zaidi ni la maafisa wa usalama: kumfundisha mtumishi vipimo ni kumfundisha kukwepa ulinzi. Hofu hiyo ina msingi, kwani viungo vya barua pepe ni mlango mkubwa wa matapeli. Lakini vipimo hivi vinasoma tu, havilegezi sera yoyote, na kuigusa Registri kunabaki kazi ya fundi. Kinachodhoofisha ulinzi ni sera kusingiziwa. Mtumishi aliyeambiwa mara tatu kwamba sera imekataa, kisha akagundua ni hitilafu, mara ya nne atalikwepa hata katazo la kweli.

Kwa hiyo maafisa TEHAMA wa halmashauri waweke wazi, kwa Kiswahili na kwa maandishi, ni aina gani za tovuti wanazozuia na kwa sababu gani. Nawe mtumishi, kabla hujaomba msaada, andika mambo manne: maneno kamili ya ujumbe, anwani ya kiungo, kama kilifunguka kilipobandikwa kwenye kivinjari, na tarehe inayoonyeshwa na kompyuta. Ukiwa na hayo, kazi nyingi za namna hii zinaweza kumalizwa kwa simu kutoka Katesh.