Ubao Uliooshwa: Namna Vyuo vya Pemba Vilivyohifadhisha

Wesha ni bandari ya Chake Chake, mahali ambapo vyombo viendavyo Misali na kwengineko hungoja maji kabla ya kutoka, na ambapo, kama ilivyo katika vijiji vyote vya Pemba, sauti za watoto wasomao Qurani chuoni husikika kila siku ama kabla ya saa za skuli ama baada yake. Mgeni apitaye njia huzisikia sauti hizo akadhani kuwa ni makelele matupu, kwa sababu kila mtoto husoma pahala pake na kwa mwendo wake, huyu yumo katika sura fupi za Amma, yule amefika Tabaraka, na mwengine bado anahangaika na alifu na bee. Lakini ndani ya makelele hayo imo kazi iliyopangwa kwa hekima kubwa, nami nakusudia katika makala haya kuichambua kipande baada ya kipande, kwani tumezoea kuisifu bila ya kuitazama jinsi ilivyofanyika.

Kijana wa leo aliye na simu mkononi aweza kuwasikiliza wasomaji mashuhuri wa Misri na wa Makka usiku kucha, akafungua tafsiri nyingi za sura moja, na akapata darsa za tajwidi ambazo babu yake asingezipata hata kwa kusafiri; na hata hivyo akiombwa asimame mbele ya jamaa asome ukurasa mmoja kwa ghaibu, aghalabu hukwama pale ambapo mtoto wa mvuvi wa zamani, asiyekuwa na kitu ila kipande cha ubao, hakukwama. Jambo hili halitokani na upungufu wa akili wala na upungufu wa mapenzi ya dini, bali latokana na tofauti ya kazi yenyewe: mmoja hupokea siku zote, na mwengine alikuwa kila siku akitakiwa atoe.

Zama ambazo misahafu ilikuwa haba, mtoto alikuja chuoni na ubao wake wa mti. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye habari zake za desturi za Waswahili zilipigwa chapa mwaka 1903, hakuacha kuingiza chuo na masomo yake katika maelezo ya makuzi ya mtoto, na wazee wa pwani wote wanaijua sura ya kazi hiyo. Mwalimu aliandika aya chache kwa kalamu ya utete na wino wa masizi. Mtoto akazisoma mbele yake, akasahihishwa pale alipokosea, kisha akenda pembeni kuzikariri kwa sauti mpaka ulimi ukazizoea. Halafu akarudi kwa mwalimu kuzisoma bila ya kutazama. Akikosea alirudishwa pembeni. Akifaulu ubao ulioshwa, ukakaushwa, ukaandikwa aya nyengine.

Hapo penye kuoshwa ubao ndipo nitakapo tukae kidogo, kwa kuwa naona ndipo ilipo nguvu yote ya chuo. Upana wa ubao uliweka mpaka wa somo, na mpaka huo haukuweza kuvukwa na pupa ya mzazi wala na haraka ya mwanafunzi, maana pasipo nafasi ya kuandika hapana la kusomwa. Kwa hivyo mtoto hakuwa na sura nzima mbele ya macho ya kumtisha au ya kumshawishi aruke, alikuwa na aya tatu au nne tu, na kazi yake ya siku hiyo ilijulikana ilipoanza na itakapokoma. Tena kuoshwa kulikuwa na sharti lake, na sharti hilo lilikuwa ni kuthibitisha kuwa kilichoandikwa kimekwisha kuingia kifuani. Hapakuwa na njia ya kwenda mbele kwa kudai tu kuwa umesoma. Na zaidi ya yote, maji yalipokwisha kupita juu ya ubao, maandishi hayakuwapo tena, wala hapakuwa na pa kuyarejea, hata mtoto alipotaka aya yake usiku kitandani ilimlazimu aitafute ndani ya nafsi yake mwenyewe, na kila alipoitafuta akaipata, ilizidi kukaa.

Walimu wa Pemba walilitenda hilo bila ya kuhitaji shahada ya mtu, lakini msomaji wa leo hupenda kuona ushahidi, na ushahidi upo. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa saikolojia huko Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu habari fupi za kusoma: kundi moja likazisoma na kuzirudia kwa vipindi vinne, na kundi jengine likazisoma kipindi kimoja tu, kisha mara tatu likatakiwa liandike yote linayoyakumbuka bila ya kuzitazama. Baada ya juma moja, waliorudia kusoma walikumbuka kiasi cha asilimia 40, na waliokuwa wakiyatoa wenyewe yaliyomo kichwani walikumbuka kiasi cha asilimia 61. Lakini jambo linalonishughulisha mimi zaidi ya hesabu hizo ni kwamba walipoulizwa mapema wanadhani watakumbuka kiasi gani, wale waliosoma mara nyingi ndio waliokuwa na matumaini makubwa zaidi. Wingi wa kusoma uliwapa uhakika ambao haukuwa na msingi. Na nadhani ndiyo hali ya kila mmoja wetu anapofunga simu yake baada ya kusikiliza darsa kwa saa nzima, akajiona ameelimika.

Kuna upande wa pili wa kazi ya chuo ambao huonekana mdogo, nao ni kusahihisha. Mtoto wa Wesha huingia chuoni na ulimi wa Kiswahili, ulimi usioijua ayni wala dhadi, na unaoitamka qafu ya Kiarabu kama kafu; na katika Kiarabu herufi hizo mbili zikibadilishana nafasi, neno la moyo huwa neno la mbwa. Ibn al-Jazari, imamu mkubwa wa ilimu ya visomo aliyefariki mwaka 1429, alizihesabu makhraji, yaani mahali zinapotokea herufi, kuwa 17, tangu kooni mpaka midomoni na puani. Lakini mwalimu mwema wa chuo hakumsomea mtoto orodha hiyo siku ya kwanza. Alimngoja mpaka afike penye qafu, akamkatiza hapo hapo, akaitamka yeye, akamwamuru aitamke, akamkatiza tena, wala hakumwachia avuke mpaka sauti itoke pahala pake. Kosa lilikamatwa wakati lilipotendeka, nalo lilikuwa moja. Kaseti haikatizi msomaji, wala simu haimkatizi. Humsomea vizuri mtu akosaye, naye akaendelea kukosa akiwa na furaha.

Mintarafu ya kudurusu, hapa ndipo wengi waliposhindwa hata zamani. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejitahini mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na akatoa kitabu chake mwaka 1885, aliona kuwa sehemu kubwa ya alichojifunza ilimtoka katika siku ya kwanza tu, kisha upotevu ukaenda polepole. Chuo kilijilinda na hasara hiyo kwa kumtaka mwanafunzi asome somo jipya pamoja na masomo ya nyuma. Msahafu uliopigwa chapa Madina una kurasa 604. Mwenye kuhifadhi ukurasa mmoja kila siku pasipo kukosa hata siku moja angeumaliza kwa muda wa mwaka mmoja na miezi minane hivi, na hesabu hiyo huwavutia wazazi. Lakini si hesabu ya kweli, kwani kadiri mzigo wa nyuma unavyokua ndivyo unavyokula saa za siku, na mwalimu ajuaye kazi yake hupunguza la mbele ili la nyuma lisife. Hafidhi aliyekwisha kuhitimu naye hajapumzika: husoma juzuu moja kila siku apate kuzizungukia juzuu zote 30 kila mwezi, na akiacha humponyoka.

Pale pale Wesha, hatua chache kutoka chuoni, kazi kama hiyo hufanyika juu ya maji. Kijana anayefunzwa uanamaji hapewi maneno mengi juu ya pepo. Huachiwa demani, kamba ya tanga, aishike, tanga likipiga nahodha humpigia kelele, naye huvuta au hulegeza papo hapo, na siku nyingi hupita kabla ya kuachiwa usukani chombo kinapobisha.

Sitaki kumficha msomaji kwamba chuo kilikuwa na dosari, na dosari mbili kwa yakini. Ya kwanza ni bakora, ambayo baadhi ya watu hudhani ndiyo iliyohifadhisha, ilhali katika yote niliyoyachambua hapa hapana hata moja linaloihitaji: ubao ungeosheka, aya ingetafutwa, na qafu ingesahihishwa bila ya mtoto kulia. Ya pili ni kwamba watoto wengi walihitimu bila ya kufahamu maana ya walichokibeba, na Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, alipoitoa tafsiri yake ya Kiswahili, Qurani Takatifu, mwaka 1969, aliwafungulia watu mlango ambao ungalifaa ufunguliwe mapema. Walakini kasoro hii haiponi kwa kuuacha ubao. Maana nayo hufundishika kwa aya tatu nne, mwanafunzi akatakiwa azieleze kwa maneno yake pasi na kitabu, akakatizwa anapokosea, akaulizwa tena baada ya juma. Na mwenye kuisoma tafsiri nzima kwa mbio katika mwezi mmoja hatakuwa na cha kumweleza mwenziwe.

Enyi wazazi wa Wesha na wa Pemba nzima mlio na watoto vyuoni, msimwulize mtoto amefika sura gani. Mketisheni baada ya Magharibi, simu zimewekwa mbali, mtake asome aya alizozihifadhi juma lililopita, bila ya msahafu, na mmoja wenu amfuatilie katika kitabu. Na ikiwa hakuziweza, mwombeni mwalimu amrudishe nyuma wala asimwongeze.